Kubandika tinti kwa fundi anayekufuata ulipo: maswali tunayoulizwa kila siku Dar es Salaam

Maswali haya yametoka kwenye simu na jumbe za wateja. Kazi yangu ni kuwafuata watu walipo, nyumbani au kwenye maegesho ya ofisi, na vitu vyangu vyote vinaenea kwenye buti la gari dogo: rola za tinti, mashine ya hewa ya moto, viwembe, raba za kukamulia maji na dumu la lita 20. Swali likiwa limeshajibiwa mahali pengine, nakuelekeza huko.

## Kabla hujapiga simu

Tinti ni nini hasa? Ni rangi inayopakwa?

Hapana. Ni karatasi nyembamba ya plastiki ya poliesta yenye gundi upande mmoja. Gundi inafunikwa na karatasi nyingine angavu ambayo fundi anaibandua kabla ya kubandika. Inawekwa upande wa ndani wa kioo ili mvua, mchanga na brashi za kuoshea gari zisiifikie. Ukimwona fundi anakata tinti juu ya kioo kwa nje, usishtuke. Anachukua umbo tu, kisha kipande kinahamia ndani.

Fundi wa kuja nyumbani ana tofauti gani na wa dukani?

Tinti ni ileile na mikono ni ileile, kinachobadilika ni mahali. Dukani kuna kuta, sakafu inayomwagiwa maji na taa za kutosha. Kwako kuna upepo, vumbi, paka, na jirani anayechoma majani. Ukitupatia sehemu nzuri, kazi itatoka sawasawa na ya dukani. Sehemu ikiwa mbaya, fundi hodari naye atakuachia vidoti vya uchafu chini ya tinti. Ndiyo maana sehemu ya tatu ya ukurasa huu inahusu mahali.

Asilimia 5 na asilimia 35, ipi ina giza zaidi?

Asilimia 5. Hili linaongoza kwa kuulizwa, na limeshagombanisha watu. Namba hiyo inahesabu mwanga unaopita, haihesabu giza. Tinti ya 5 inaruhusu sehemu 5 tu za mwanga kati ya 100, kwa hiyo mtu wa nje haoni kitu. Ya 35 inapitisha sehemu 35, na ya 70 karibu huioni kwa macho.

Mteja mmoja aliniambia, "Kaka, mimi sitaki giza sana, niwekee hiyo ndogo ya tano." Ningemsikiliza kama alivyosema, gari la mama yake lingekuwa jeusi kama usiku wa mvua. Kwa hiyo usitaje namba peke yake kwenye simu. Sema unataka nini: watu wasione ndani, au jua lisichome, au vyote viwili.

Kwa nini tinti ya 35 kwenye gari langu inaonekana nyeusi kuliko kwa rafiki yangu?

Kwa sababu kioo chenyewe nacho kina giza lake, na hayo mawili yanazidishana. Kioo cha kawaida kinachopitisha asilimia 80, ukikiwekea tinti ya 35, unabaki na 28. Kioo cha nyuma cha Noah, Alphard au Harrier mara nyingi kimetoka kiwandani na giza ndani ya kioo chenyewe. Kama kinapitisha 20 na wewe ukaongeza tinti ya 20, umebaki na 4. Hapo kurudi rivasi usiku unasaidiwa na kamera na Mungu.

Nikiweka giza kali, gari litakuwa na baridi?

Si lazima. Joto la jua linakuja kwa njia tatu. Karibu nusu ya nguvu yake iko kwenye miale ya infraredi, ambayo jicho halioni lakini ngozi inaisikia. Sehemu inayopungua kidogo nusu ni mwanga wa kawaida, na asilimia chache ni miale ya urujuanimno, ile inayopausha deshibodi na kuchoma ngozi. Tinti nyeusi ya bei rahisi inapunguza mwanga, ila infraredi inaipita kwa wingi, tena yenyewe inanyonya joto na kukurudishia ndani. Tinti ya seramiki iliyo nyepesi inaweza kuzuia joto kuliko nyeusi ya rangi tupu.

Wateja wengi wa Februari, jua likiwa la utosi, wananiomba giza wakati wanachotaka ni ubaridi. Mtu analipia 5, anarudi baada ya wiki kulalamika kwamba kiti bado kinachoma mapaja na usiku haoni saiti mira. Kama shida yako ni joto, anza kwa kuuliza aina, namba ije baadaye.

Kuna aina ngapi za tinti?

Ziko nne ambazo utazisikia.

Ya rangi ndiyo rahisi kuliko zote. Inaficha ndani vizuri ikiwa mpya, lakini jua la hapa linaila rangi na baada ya muda inageuka zambarau. Magari yenye vioo vya rangi ya zabibu mnayaona barabarani.

Ya metali ina chembe za madini zinazorudisha jua kama kioo cha kujitazamia. Inazuia joto vizuri, ila inaweza kusumbua simu, redio na kifaa cha kufuatilia gari. Kama gari lako lina kifaa hicho au antena iko ndani ya kioo, achana nayo.

Ya kaboni haina metali, haipauki kirahisi, na weusi wake umetulia. Kwa mtu wa kipato cha kawaida mimi huishauri hii.

Ya seramiki ndiyo ghali. Inazuia infraredi bila kuhitaji giza na haisumbui mawasiliano.

Kuhusu urujuanimno, tinti nzuri ya aina yoyote kati ya hizi inazuia karibu asilimia 99, kwa hiyo mtu asikuuzie seramiki kwa sababu hiyo peke yake.

Nitajuaje kwamba seramiki niliyouziwa ni seramiki kweli?

Usiamini boksi. Neno hilo linachapwa kwenye boksi lolote siku hizi, mara nyingi na "nano" mbele yake.

Mwambie fundi aje na kipande cha sampuli kwenye kioo kidogo, na taa ya joto. Mimi natembea na ile balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, inauzwa kwenye maduka ya pembejeo za kuku. Inatoa infraredi kwa wingi. Weka nyuma ya kiganja chako mbele ya balbu, kwanza ukiwa umekinga na kioo kitupu, kisha na kioo chenye tinti. Hesabu mpaka kumi kila mara. Seramiki ya kweli utaivumilia. Ya rangi tupu utatoa mkono kabla ya kumi, hata kama ni nyeusi tii. Fundi akikataa jaribio hili, umeshapata jibu lako.

Bei inakuwaje? Mbona kila fundi anataja yake?

Sitaji bei hapa kwa sababu inategemea mambo ambayo siwezi kuyaona kwenye simu. Cha kwanza ni aina ya tinti, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Cha pili ni ukubwa wa vioo: IST na Hiace hazili tinti sawa. Rola kubwa ina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30, na gari dogo linakula mita tatu hadi nne kutegemea fundi anavyopanga vipande vyake. Cha tatu ni kama kuna tinti ya zamani ya kubandua, kwa kuwa kubandua kioo cha nyuma kunaweza kuchukua muda kuliko kubandika gari zima. Cha mwisho ni umbali. Kutoka Sinza kwenda Mikocheni si sawa na kutoka Sinza kwenda Chanika na foleni ya Tazara katikati.

Tuma picha nne: mbele, nyuma, na pembeni mwa kila upande, pamoja na aina ya gari na mwaka. Utapata bei ya kueleweka. Kianzio cha kununulia tinti ni kawaida, lakini usilipe yote kabla hujaona gari.

## Trafiki na sheria

Trafiki watanisumbua nikiweka tinti?

Mimi ni fundi, si askari, na ninachokubali kubandika hakikupi ruhusa ya barabarani. Kabla ya kuchagua giza la vioo vya mbele, pita dawati la trafiki kituo kilicho karibu nawe ukaulize. Ni dakika kumi.

Kwa upande wangu nina msimamo, na umenipotezea wateja kadhaa. Kioo kikubwa cha mbele siwekei giza, isipokuwa mkanda mwembamba wa juu wa kuzuia jua la jioni. Vioo vya milango ya mbele sishuki kwenye giza kali. Dereva asiyeona mtoto anayevuka Mbagala saa moja usiku hana cha kujitetea.

Na tabia moja inasaidia: ukisimamishwa, shusha kioo kabla askari hajafika mlangoni. Anataka kuona sura yako na mkanda.

Gari limetoka Japani hivi hivi, giza nyuma na mbele weupe. Kwa nini?

Kwa sababu ya sheria ya Japani. Kule kioo kikubwa cha mbele na vya milango ya mbele lazima vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, na vya nyuma havina kikomo. Ndiyo maana karibu kila gari linaloshuka bandarini Dar lina sura hiyo moja.

Uingereza wana mpango unaofanana: magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985 yanatakiwa kupitisha 75 kwenye kioo cha mbele na 70 kwenye vya milango ya mbele, nyuma hakuna kikomo. Nalitaja kwa ajili ya ndugu zetu walioko kule wanaoniandikia. Kwa hesabu ya hapo juu, hata tinti nyepesi ya 70 juu ya kioo cha 80 inakupa 56. Kule umeshavunja sheria na macho yako hayajaona tofauti yoyote.

Na gari la abiria au la shule?

Gari la biashara ya abiria liko chini ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na leseni yake ina masharti. Kaulize kwanza. Gari la shule mimi sibandiki, hata ukiongeza pesa.

## Mahali na siku ya kazi

Niandae nini nyumbani?

Kivuli, ukuta angalau pande mbili, na sakafu ambayo haitoi vumbi. Karakana yenye mlango ndiyo bora. Baraza ya saruji iliyoezekwa inafaa. Uwanja wa mchanga chini ya mti ndio mbaya kuliko yote, ingawa wengi huudhani mzuri kwa sababu una kivuli.

Milango ya gari lazima ifunguke yote, kwa hiyo acha kama mita moja kila upande. Mwaga maji sakafuni nusu saa kabla hatujafika ili vumbi lilale. Toa vitu ndani ya gari: viti vya watoto, mabegi, tasbihi au rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha ndani. Usiliweke gari juani kabla ya kazi. Kioo kikiwa cha moto, maji yanakauka kabla tinti haijateleza kukaa mahali pake.

Usioshe gari asubuhi hiyo kwa kumwaga maji milangoni. Maji yanajificha kwenye mpira wa mlango, halafu yanateremka na uchafu wake katikati ya kazi. Lioshe siku moja kabla.

Kuna nini mpaka mnaogopa mwembe?

Kuna siku tulifanya kazi chini ya mwembe Goba, ukiwa umechanua. Vijiua vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele, na vinanata. Nilibandua kioo kimoja mara tatu. Mwarobaini una majani, mkungu una wadudu. Na mti wowote una ndege.

Mbaya kuliko mwembe ni fundi mwingine. Niliwahi kumaliza vioo vitano safi, cha sita nikiwa na tinti mkononi gundi ikiwa wazi, fundi vigae wa jirani akawasha mashine ya kukatia. Vumbi jeupe lilipita juu ya ukuta kama moshi. Kile cha sita kiliharibika hapo hapo, na viwili vilivyokuwa bado na maji pembeni vikaingia chembe. Nilirudia vyote vitatu kwa tinti yangu. Tangu siku hiyo nauliza kwenye simu: jirani anajenga?

Kwa nini mnakuja na maji yenu? Bomba si lipo?

Kwa sababu maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Tinti inabandikwa ikiwa imelowa: tunapuliza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto ili iteleze, kisha tunayakamua kwa raba. Tone linalobaki linakauka kupitia kwenye tinti, lakini chumvi haina pa kwenda. Baada ya wiki unaona madoa meupe kama ramani, na hayo hayatoki mpaka tinti itoke. Kwa hiyo tunabeba maji safi kwenye dumu. Ukimwona fundi anajaza chupa yake ya kupulizia kwenye bomba la kisima, mzuie.

Umeme ukikatika?

Mashine ya hewa ya moto inakula wati 1,500 hadi 2,000, sawa na pasi au birika la umeme. Vioo bapa vya milango vinaweza kufanyika bila mashine hiyo kwa mtu mwenye mkono, lakini kioo cha nyuma kilichojipinda hakiwezekani: tinti inasinyazwa kwa joto ili ishike umbo la kioo. Kama umeme wako wa LUKU una uniti chache, tuambie mapema. Jenereta tunaleta kwa makubaliano.

Mnakuja ofisini? Gari liko basementi Posta.

Tunakuja, na basementi ni sehemu nzuri: hakuna upepo wala jua. Tatizo ni mlinzi na mwanga. Omba ruhusa kwa msimamizi wa jengo wewe mwenyewe, siku moja kabla. Fundi akifika na dumu na mashine bila jina lake getini, atazungushwa saa nzima. Taa za kichwani tunazo.

Inachukua muda gani?

Gari dogo lisilo na tinti ya zamani, saa mbili hadi tatu. Noah au Alphard, tatu hadi nne na nusu. Anayekuahidi dakika arobaini kwa gari zima ataruka hatua ya kukwangua kioo kwa wembe, na hapo ndipo vidoti vinapoanzia, kwa sababu kwenye kioo kinachoonekana kisafi kuna mafuta ya vidole, gundi ya stika na vumbi lililoganda.

Masika je?

Mvua yenyewe si adui, inalaza vumbi. Adui ni mahali pasipoezekwa, na unyevu unaochelewesha kukauka. Machi hadi Mei tunafanya kazi chini ya paa tu, na muda wa kusubiri kwenye sehemu inayofuata uuongeze siku mbili au tatu. Kigamboni na wote wanaokaa ufukweni: tuiteni asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka.

Mnafanya usiku?

Hapana. Chembe ya vumbi haionekani kwa taa ya dari. Kazi ya usiku inakaguliwa asubuhi, fundi akiwa ameshaondoka.

## Wiki za mwanzo

Lini naweza kushusha vioo?

Siku tatu hadi tano kwa jua la Dar, wiki nzima kwa masika. Ukishusha mapema, mpira wa mlango unaikamata tinti pembeni na kuikunja. Kikwazo si wewe, ni watoto na wauza karanga wa kwenye foleni. Funga swichi ya vioo upande wa dereva. Kwa mteja mwenye watoto watundu huwa nachomoa fyuzi ya vioo na kumwachia mkononi.

Nimeona malengelenge na ukungu. Imeharibika?

Inategemea ni ya nini. Malengelenge ya maji ni laini, yanabadilika umbo kila siku, na yanaisha yenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukungu wa kijivu nao ni maji. Usiyatoboe kwa sindano, utaacha tundu la milele.

Chembe ya vumbi ni tofauti: ina kitu kigumu katikati na haisogei. Hiyo haitaisha. Chembe mbili tatu kwenye kioo kizima ambazo unaziona kwa kuinama tu, hizo ni za kawaida kwa kazi ya nje ya duka, na fundi mkweli atakuambia kabla. Chembe usawa wa macho ya dereva, au nywele, hiyo ni ya kurudia bure. Nimeshawahi kuacha unywele wa paka kwenye kioo cha nyuma. Mchana hatukuuona, mimi wala mwenye gari. Aliuona usiku kwenye kioo cha ndani, gari la nyuma lilipowasha taa, umekaa umejipinda kama ndoana. Nilirudi Jumamosi.

Juu ya kioo kuna mstari mwembamba usio na tinti. Ni uzembe?

Ukishusha kioo kidogo utaona nafasi ya milimita moja au mbili kutoka ukingo wa juu. Ni makusudi, ili tinti isikwaruzwe kioo kinapoingia kwenye mpira. Ikizidi hapo, au ikiwa imepinda kama imekatwa na meno, lalamika. Pia kwenye kioo cha nyuma, zile nukta nyeusi za pembeni zina mwinuko, tinti haigusi vizuri na inaonekana mstari mweupe. Fundi anaweza kuupunguza, kuufuta kabisa si rahisi.

Nisafishe kwa nini?

Ndani ya mwezi mmoja tangu kubandikwa, usisafishe kwa ndani. Baada ya hapo tumia maji, sabuni kidogo na kitambaa laini. Sabuni za vioo zenye amonia zinaua tinti, kwa hiyo soma nyuma ya chupa. Na mzee wangu, gazeti liache lisomwe. Najua ndivyo tulivyofundishwa kung'arisha vioo, lakini karatasi inakwaruza. Waambie na vijana wa kuosha magari, kwa sababu wao ndio wenye gazeti na mkono mzito.

## Yasiyo ya kawaida

Nina tinti ya zamani ya zambarau. Mnabandika juu yake?

Hapana, inabanduliwa kwanza. Vioo vya milango tunatumia mvuke, tinti inatoka kama ngozi ya kitunguu, kisha gundi inakwanguliwa kwa wembe.

Kioo cha nyuma ni habari nyingine. Ile mistari myembamba ni nyaya za kuondoa ukungu, zimechapwa juu ya kioo, na wembe ukipita zinakatika. Wakati mwingine antena ya redio nayo iko humo. Pale ni mvuke, subira na plastiki isiyo na makali. Hata hivyo tinti iliyokaa miaka mingi inaweza kuondoka na waya. Nitakuambia kabla sijagusa, na tutawasha nyaya hizo pamoja kuona kama zinafanya kazi kabla hatujaanza. Usipofanya hivyo, baadaye hakuna atakayejua nani aliziharibu.

Tinti inazuia vibaka kuvunja kioo?

Tinti ya kawaida ni nyembamba mno, kama mikroni 40 hadi 50. Inaficha begi na inashikilia vipande kioo kikivunjika, basi. Ile ya usalama ina mikroni 100 mpaka 200, ni kazi nyingine na bei nyingine. Hata hiyo inamchelewesha mwizi tu. Laptopu weka kwenye buti kabla hujafika unakokwenda, si ukishafika.

Gari langu lina kamera nyuma ya kioo cha mbele. Naweza kuweka tinti angavu ya kuzuia joto?

Sehemu ya kamera na vihisi vya mvua inaachwa wazi, tunaikata pembeni. Stika za Nenda kwa Usalama Barabarani na nyingine zote zinahamishwa au zinazungukwa. Kumbuka nilichosema kuhusu kioo cha mbele kwenye sehemu ya trafiki: namaanisha angavu kweli kweli.

Kioo kikipasuka fundi akiwa kazini, nani analipa?

Fundi, kama alikipasha joto sehemu moja mpaka kikapasuka au amekigonga. Lakini kioo chenye ufa wa zamani kinaweza kufunguka kwa joto dogo tu. Ndiyo maana kabla ya kuanza tunazunguka gari na mwenye gari, tunapiga picha kila ufa, kila mkwaruzo wa rangi, na mpira uliochanika. Mteja akisema "aa, wewe fanya tu", mimi bado napiga.

Naweza kubandika mwenyewe?

Vioo bapa vya milango ya nyuma, ndiyo, ukikubali kuharibu vipande viwili vya mwanzo. Nunua tinti ya ziada, anza na kioo kidogo cha pembe tatu, na uwe na mtu wa kushika upande wa pili unapobandua karatasi, la sivyo tinti itajibandika yenyewe kwa yenyewe. Kioo cha nyuma usijaribu. Karibu nusu ya simu zangu za Jumapili jioni ni za watu waliojaribu.